Chambo si chakula cha samaki

Duka moja la pembejeo ninalolipita mara kwa mara limebandika karatasi mlangoni: "Tunauza chambo cha samaki, jumla na rejareja." Ndani kuna magunia ya chakula cha punje, zile punje zinazoelea, za kufugia sato. Ukimwambia muuzaji kwamba hicho si chambo anakushangaa: "Kwani samaki hawali?" Wanakula. Ng'ombe naye anakula pumba, na sijasikia mtu akiziita chambo cha ng'ombe.

Chambo ni kitu chochote kinachotiwa kwenye ndoana au ndani ya mtego ili mnyama unayemtaka asogee, aguse, anaswe. Maana yake ni hiyo tu. Tatizo ni kwamba watu wengi huishia kwenye "asogee" wakasahau "anaswe".

Chakula cha samaki hupimwa kwa uzito wa samaki wenyewe. Sato aliyekwisha kukua hupewa kwa siku kama asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake, kwa hiyo bwawa lenye kilo 100 za samaki linataka kilo 2 hadi 3 za chakula kila siku, na mfugaji anayezidisha huona maji yakichafuka na hela yake ikizama. Lengo ni samaki ale, ashibe, anenepe, arudi kesho. Chambo hakina lengo hata moja kati ya hayo. Tonge la ukubwa wa harage linatosha, na samaki akifaulu kulila likaisha, wewe ndiye uliyepata hasara.

Anayebisha nampeleka kwenye sabuni. Wapo wavuvi wanaokata sabuni ya mche vipande vidogo, wakavitia kwenye ndoana za kambale na kuziacha majini usiku, na asubuhi wanapata kitoweo. Sabuni hutengenezwa kwa mafuta. Kambale ana macho madogo na hukaa kwenye tope, hivyo riziki yake huitafuta kwa harufu na kwa zile sharubu zake nane. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema sabuni ni chakula cha samaki, lakini chambo ni chambo. Kile kijiko cha bati kinachong'aa, chenye ndoana mkiani, hakiliki kabisa, hakina hata harufu, nacho ni chambo, tena cha bandia. Kwa hiyo kuliwa si sharti. Sharti ni kuvutia, na pawepo kitu cha kunasa.

Upande wa pili wapo wanaochanganya chambo na mtego. Mfano mwepesi uko kwenye habari za TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa Tanzania: mtumishi ameomba rushwa, anapelekewa noti zilizowekwa alama, anazipokea, anakamatwa. Mpango mzima ule ndio mtego. Noti ndizo chambo. Mwandishi anayesema "aliwekewa chambo akanaswa nacho" hajakosea sana, lakini anayesema "noti za mtego zilikuwa mtego" amenichosha. Na vitu hivi viwili vina tabia tofauti. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, na ni kweli, mtego hauchagui. Chambo ndicho kinachochagua. Ukitia nyama ya kumvutia panya hupati njiwa.

Hapo ndipo ninapokosana na wale wanaouliza, "Chambo bora ni kipi?" Kinachoitwa bora hakipo mpaka utaje samaki na utaje maji. Ziwa Victoria, wavuvi wa sangara wanaotandaza mishipi mirefu yenye ndoana nyingi hutumia kambale wachanga kama chambo, na wengine huwanunua kwa watotoleshaji wa vifaranga. Kambale yuleyule ambaye wewe unamhangaikia lambo zima, kwa mwingine ni chambo cha kumpatia samaki mkubwa zaidi. Ukivuka Ziwa Nyasa ukaingia Malawi mambo yanageuka kabisa: huko chambo ni samaki mwenyewe, jamii ya perege wa ziwa hilo, na mtu anamwagiza hotelini kwa jina hilohilo. Mmalawi akikuambia jana alikula chambo na nsima, yaani ugali, usimwonee huruma.

Kwetu neno hili lina ndugu yake, nyambo, yaani nyungunyungu wa kutia kwenye ndoana. Nadhani undugu huo umechangia watu kufikiri kwamba chambo lazima kiwe kiumbe fulani, na kwamba mwenye nyungunyungu amekwisha kumaliza kazi. Kwenye bwawa dogo hajamaliza.

Bwawa dogo la kufugia na lambo la kijiji, kwa macho, yanafanana. Kwa mvuvi ni maji mawili tofauti. Kwenye bwawa la kufugia samaki wamezoea mkono wa mtu, saa ya mtu, na harufu ya kitu kimoja. Huko nyungunyungu anaweza kuning'inia nusu siku huku sato wakimzunguka, kisha punje moja ya chakula chao, iliyolowekwa ikalainika, ikiguswa mara tu inaposhuka. Tena ishushe saa ileile waliyozoea kulishwa, upande uleule anaosimama mlishaji. Kama wanalishwa pumba zilizochanganywa na unga wa dagaa, kanda donge la mchanganyiko huohuo. Kwenye lambo ambalo hakuna anayelisha, samaki wanajitafutia: mwani, wadudu wanaodondoka kutoka kwenye nyasi za ukingoni, viluwiluwi vya mbu, na msimu wa mvua kumbikumbi. Hapo ndipo nyungunyungu, panzi na kumbikumbi wanapokuwa na maana, na kwa kumbikumbi ni zile siku chache wanaporuka tu.

Perege na sato wana utumbo mrefu uliojiviringa, wa mnyama aliyezoea vitu vya kijani, na mdomo mdogo. Hawamezi kwa pupa, wanadokoa. Hapa ndipo ndoana kubwa yenye nyungunyungu mzima inapomwaibisha mtu. Ukiacha mkia ukining'inia, perege atavuta mkia. Boya litacheza, litatulia, litacheza tena, na ukivuta utakuta ndoana tupu. Kata kipande cha kufunika ndoana tu, ncha yenyewe ijitokeze kidogo sana, na ndoana iwe ile ndogo kuliko unavyodhani inatosha. Ukitaka kutumia ugali, ujue kwamba ugali wa mahindi peke yake hubomoka majini kabla haujafika kina, kwa sababu mahindi hayana mnato wa ngano. Ongeza unga wa ngano kidogo, usonge mkavu kuliko ule wa mezani, uache upoe, ukande mpaka uache kung'ang'ania vidole, ndipo unyofoe kidonge cha ukubwa wa punje ya hindi. Wapo wanaotia nyuzi chache za pamba ndani yake ili kisitoke upesi, na zinasaidia.

Kambale yeye haringi. Utumbo wa kuku, maini, dagaa waliolowa, nyungunyungu watatu wanne kwenye ndoana moja, vyote vinakubalika, mradi vinuke na vilale chini. Kwake boya halichezi kwa muda, linazama. Mvue jioni na usiku, wakati perege amekwisha kuacha kula, maana perege hutegemea sana macho. Ukitumia kambale wachanga kama chambo na wakabaki hai, usiwamwage kwenye bwawa la jirani kwa huruma. Watakua, na vifaranga wa sato watakuwa chakula chao. Hapo tumerudi kwenye chakula kwa njia mbaya.

Nyungunyungu hawahitaji utaalamu. Chimba chini ya migomba au pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa kila siku, uwatie kwenye kopo pamoja na udongo wao wenye unyevu na majani machache, uliweke kivulini. Kopo la maji ni njia ya haraka ya kupata nyungunyungu waliokufa na kulainika, ambao hawashiki kwenye ndoana.

Kuna siku chambo kinalaumiwa bure. Sato jike huhifadhi mayai, na baadaye vifaranga, ndani ya mdomo wake kwa wiki moja hadi mbili, na muda wote huo anakula kidogo sana au hali kabisa. Maji ya sehemu za baridi kama Njombe au Limuru yakishuka chini ya nyuzi 20, hamu ya sato inashuka nayo, na yakishuka zaidi anaacha kula. Na kwenye bwawa lenye maji ya kijani kibichi, alfajiri ndiyo saa ambayo hewa majini iko chini kabisa, kwa kuwa usiku kucha mwani umekuwa ukiitumia badala ya kuitengeneza. Ukikuta samaki wamekuja juu wanahema midomo wazi, usianze kubadilisha chambo. Hawatafuti chakula, wanatafuta hewa. Subiri jua lipande. Kama bwawa ni la kwako, fungulia maji mapya na upunguze kulisha. Nimewaona watu wakipita kwenye nyungunyungu, wakaenda kwenye ugali, kisha utumbo, kisha "dawa ya kuvuta samaki" ya kwenye chupa, yote asubuhi moja, kwenye maji ambayo hakuna samaki ambaye angefungua mdomo kwa ajili ya chochote.

Bado kuna jambo la kile kinachorushwa majini ili samaki wakusanyike kabla hujatupa mshipi. Wengi wanakiita chambo pia, na hapa sigombani kwa nguvu, kwa sababu nia yake kweli ni kuvuta. Ila hakina ndoana. Samaki anakula na kuondoka zake salama, na hilo kwangu ni chakula. Tofauti hii inaonekana mkononi: anayeamini kwamba anarusha chambo hurusha kwa wingi, sahani nzima ya ugali uliolala, akidhani kila tonge ni nafasi nyingine ya kupata. Bwawa dogo halina samaki wa kumaliza sahani nzima wakabaki na njaa. Konzi moja ya pumba iliyoloweshwa kidogo ili izame taratibu inatosha kuwaleta, kisha unashusha ndoana katikati yao wakiwa bado wanatafuta. Kwa hiyo mara nyingine, ukisimulia, sema umewarushia chakula kidogo kisha ukatia chambo. Tutakuelewa, hata kama vyote vimetoka kwenye sufuria moja.