“Sista, Choo Changu Kinakuhusu Nini?”

Tulikuwa kwenye huduma ya mkoba, ile kliniki tunayowapelekea watu kijijini kwao. Mizani ilishashushwa kutoka kwenye mwembe, boksi la chanjo limefungwa, na gari la kuturudisha lilikuwa halijafika. Nikaona nitumie muda huo kupita kwa mzee mmoja ambaye wajukuu zake wawili waliletwa zahanati kwa kuharisha mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka nilipoomba kuona choo. Alinitazama kana kwamba nimeomba hati ya shamba lake.

“Sista, wewe si wa sindano? Choo changu kinakuhusu nini?”

Sikukasirika. Swali hilo nimelisikia kwa namna nyingi, hata kutoka kwa wauguzi wenzangu. Nitapitia hapa dhana ninazokutana nazo mara kwa mara, nikianza na hiyo ya mzee.

“Usafi wa mazingira ni wa bwana afya, nesi abaki na dawa zake”

Bwana afya ana kazi yake, tena ana meno: Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa nguvu ya kukagua na kuchukua hatua. Nesi hatozi mtu faini. Alicho nacho ni daftari. Kitabu cha MTUHA, yaani cha kumbukumbu za kituo, cha wagonjwa wa nje kinaandikwa jina, umri, ugonjwa na mahali mtu anakotoka. Mtoto mmoja akiharisha, huyo ni mgonjwa. Watoto watano wa kitongoji kimoja wakiharisha ndani ya wiki, na wote nyumbani kwao wanachota kisima kimoja, hapo anayeumwa ni kisima. Wa kwanza kuliona hilo ni yule anayeshika kalamu, na mara nyingi kalamu iko mkononi mwa muuguzi. Asipomwambia bwana afya na mwenyekiti wa kitongoji, ataendelea kugawa chumvichumvi za kuongeza maji mwilini na vidonge vya zinki kwa watoto walewale hadi mvua nyingine.

Wala hili si jambo jipya. Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza anayechorwa na taa mkononi, alipofika Scutari, Uturuki, mwezi Novemba 1854 wakati wa Vita vya Krimea, askari wa Uingereza walikuwa wanauawa na kipindupindu, homa na kuharisha kuliko majeraha ya vita. Jengo la hospitali lilikuwa limekaa juu ya mitaro ya majitaka iliyoziba. Vifo vilishuka sana baada ya tume ya usafi, iliyotumwa kutoka Uingereza mwaka 1855, kuizibua mitaro hiyo na kuingiza hewa wodini. Vita vilipokwisha, Nightingale alikaa na takwimu za waliokufa, na hesabu zile ndizo zilizomwonyesha uzito wa mitaro. Tangu hapo alipigania maji safi, hewa na mifereji kwa miaka mingi. Sisi tumebaki kuchora taa yake.

“Kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara”

Hii ndiyo inayonitoa jasho. Mama aliyekaa kwenye benchi la kliniki anamfuta mtoto kwa pindo la kanga, anakunja pindo ndani, kisha kwa mkono uleule anamshikisha mwenzake andazi. Si mchafu. Kanga imepigwa pasi, mtoto amepakwa mafuta, nywele zimechanwa. Alichofundishwa ni kwamba mtoto anayenyonya ni malaika, na uchafu wake ni maziwa tu.

Ukweli ni kwamba watoto wadogo ndio wanaoharisha mara nyingi zaidi ndani ya nyumba, kwa hiyo kinyesi chao huwa kimebeba vijidudu vingi vya kuharisha. Tena hakiendi mbali. Cha mtu mzima kimeshuka shimoni, cha mtoto kimemwagwa nyuma ya jiko au kimekwanguliwa kwa jembe na kutupwa mgombani. Pale pale mwenzake anatambaa, kuku anaparura, na sufuria zimeanikwa.

Kuna na habari ya nzi, ambayo wengi hawajaisikia. Wale nzi wadogo wanaong’ang’ania machoni mwa watoto, wanaobeba ugonjwa wa macho uitwao trakoma, hupenda kuzaliana kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa juu ya ardhi wazi. Shimo la choo hawalipendi. Watu wa Kongwa, Dodoma, wanaujua ugonjwa huo vizuri, maana wilaya yao imefanyiwa utafiti wa trakoma kwa miaka mingi. Kope zinajikunja ndani na kukwaruza jicho, na mwisho wake ni upofu. Ukimwambia mama kwamba kinyesi cha nyuma ya jiko kinaweza kumfikia mwanawe jichoni, anakushangaa. Lakini anasikiliza.

Hapo muuguzi ana nafasi ambayo hana mwingine. Mama huyu anarudi kliniki mwezi ujao, na unaofuata. Hahitaji mhadhara. Anahitaji mambo matatu: kinyesi kiende chooni, poti au nepi ioshwe na maji yake yamwagwe huko huko chooni, mikono yote miwili ipitiwe na sabuni. Mwezi wa pili ukimuuliza “ile habari ya poti imeishia wapi?”, anacheka, na kwa kicheko hicho unajua kama ameanza au bado.

“Nyasi ndefu zinazaa mbu”

Kila Jumamosi ya usafi watu hufyeka mpaka ardhi ing’ae kama kipara, halafu wanarudi ndani wameridhika. Nyasini mbu hupumzika tu. Hutaga kwenye maji, na kila aina ina maji yake. Mbu wa malaria hupenda maji yaliyotulia yasiyo na taka nyingi, hasa yanayopigwa na jua: shimo lilipochimbwa udongo wa matofali, alama za kwato za ng’ombe, dimbwi la barabarani. Wale wanaokunyima usingizi mjini kwa mlio wengi wao wametoka kwenye mashimo ya choo na mitaro michafu. Yule mwenye madoadoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kueneza dengi, anataga kwenye tairi, kifuu, ndoo iliyosahauliwa, hata sahani ya chini ya chungu cha maua.

Dengi ilipolipuka Dar es Salaam mwaka 2014, na tena 2019, nyumba zenye uzio na bustani nzuri nazo hazikupona. Kwa joto letu, yai linaweza kuwa mbu anayeruka kwa wiki moja hivi. Ndiyo maana ninawaambia watu: panga na fagio si vibaya, lakini kwanza zunguka nyumba mara moja kwa wiki, pindua kila kinachotuama maji.

“Maji yakiwa maangavu ni salama, na yakichemka yameisha kila kitu”

Kipindupindu hakina rangi ndani ya glasi. Kuchemsha kunaua vijidudu, sawa, lakini nimeona maji yaliyochemshwa vizuri kabisa yakimiminwa kwenye ndoo isiyo na mfuniko, kisha kila mtu anachovya kikombe chake na vidole vyake. Jitihada ya kuni zote zile imeishia hapo. Ndoo yenye koki, au kata ya mpini mrefu inayotundikwa ukutani, inafaa kuliko kuchemsha mara mbili.

Na kwa wenzetu wa Arusha na maeneo ya jirani: floridi inayofanya meno kuwa ya kahawia haiondoki kwa kuchemsha. Maji yanapopungua sufuriani, floridi inabaki kwenye maji machache zaidi.

“Zahanati ni safi, taka zake haziwahusu wanakijiji”

Hapa lawama ni yetu. Sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko, inaingia moja kwa moja kwenye sefti boksi, lile boksi gumu la sindano zilizotumika, na boksi likifika robo tatu linafungwa na kwenda kichomeo. Kwenye maandishi iko hivyo. Kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, kichomeo kilikuwa kimepasuka ukuta na uzio wa shimo la majivu umeanguka. Tuligundua siku tuliyowaona watoto wakinyweshana maji kwa bomba la sindano, wakicheza hospitali. Tuliyemkuta akiwa “daktari” alikuwa na miaka kama sita. Kabla sijaomba kuona choo cha mtu, siku hizi huzunguka kwanza nyuma ya jengo letu.

“Watu wakielimishwa, watabadilika”

Hii ni dhana yetu wauguzi, si ya wanakijiji. Tunabandika bango, tunaongea dakika kumi asubuhi kliniki, tunajaza fomu kwamba elimu imetolewa.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 inakumbukwa kwa redio, lakini redio ilikuwa nusu ya mambo. Watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza, wakasoma kitabu, wakajadili, kisha kikundi kikaamua cha kufanya wiki hiyo: kuchimba choo, kufukia dimbwi, kusafisha njia ya kisima. Jirani alikuona ukichimba au akakuona umekaa. Bango halina macho ya jirani.

Turudi kwa mzee. Baada ya kunywa maji na kunizungusha kidogo, alinipeleka chooni. Choo kilikuwa kizuri kuliko cha zahanati yetu: sakafu ya saruji, mlango wa mbao, paa la bati. Mlangoni palikuwa na kufuli.

“Kimejengwa wakati wa kampeni ya vyoo,” alisema. “Cha wageni hiki. Watoto watakichafua.”

Watoto walikuwa wanakwenda nyuma ya zizi, hatua chache kutoka kisimani.

Sikumhubiria. Nilimwomba galoni la lita tano, msumari, kamba na kijiti, tukatengeneza kibuyu chirizi cha kunawia pale mlangoni, ukikanyaga kijiti galoni linainama na kumwaga maji, sabuni ikaning’inizwa kwa kamba yake. Nikamwambia kibuyu bila watu hakina kazi. Alifikiri, akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo. Mjukuu mdogo ndiye aliyekanyaga kijiti wa kwanza. Maji yakachirizika, akacheka, akakanyaga tena, na tena.

“Wee! Utamaliza maji yote!” babu yake akapiga kelele.

Gari likapiga honi. Wakati naaga, kufuli lilikuwa bado mkononi mwake.