Mfumo huria wa duka la mtandaoni: maana yake na jinsi ya kuuchagua

Ukipitia status za WhatsApp za wafanyabiashara wa Biashara Street hapa Mombasa, utaona leso zimepigwa picha vizuri, na chini yake maneno yale yale: bei njoo inboksi. Biashara ya namna hii inakwenda, na wengi wamesomesha watoto kwayo. Ila yote imo kichwani mwa anayeshika simu. Yeye ndiye ajuaye rangi gani imekwisha, nani ametuma pesa, na mteja gani wa Lamu bado anangoja mzigo. Siku akiugua, duka limefungwa. Hapo ndipo mwenye biashara huanza kuulizia tovuti ya kuuzia, na fundi wa kwanza atamwambia aweke CMS iliyo huria, kana kwamba maneno hayo yanajieleza yenyewe.

CMS ni mfumo wa kusimamia maudhui, yaani programu inayokaa kwenye seva (kompyuta iliyo wazi mtandaoni saa zote) na kukuwezesha kuandika, kupanga na kubadilisha yaliyomo kwenye tovuti bila kugusa msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu. Siri yake ni kutenganisha vitu viwili. Maneno, bei na orodha ya bidhaa hukaa katika hifadhidata. Rangi, herufi na mpangilio wa kurasa hukaa kando, katika kile kinachoitwa mandhari. Mteja akifungua ukurasa, mfumo huchota data na kuivalisha mandhari papo hapo. Ndiyo maana unaweza kubadili sura yote ya duka Idi ikikaribia na bei isipotee hata moja. Mfumo wa duka huongeza juu ya hayo kikapu, hesabu ya stoki, oda, malipo na gharama za kupeleka mzigo.

Huria ni habari ya leseni. Msimbo wa programu uko wazi, na leseni inakuruhusu kuutumia, kuuchungulia, kuubadilisha na kuusambaza. WordPress, CMS iliyoanzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, iko chini ya leseni ya GPL, inayodai pia kwamba ukiisambaza, iliyobadilishwa au isiyobadilishwa, uwape wengine uhuru ule ule. Hakuna ada ya kuitumia. Lakini wanaosikia huria wakaelewa bure watashtuka: seva ni ya kukodi, jina la tovuti la .co.ke hulipiwa kila mwaka, programu-jalizi (vipande vya kuuongezea mfumo kazi) nyingi nzuri zina bei, na fundi naye ana watoto.

Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa nyumba bila ardhi. Kuta na mabati ni yako, ukitaka kuongeza chumba huombi ruhusa kwa fundi aliyekujengea, ila mwenye kiwanja unamlipa kodi. Duka huria liko hivyo: mfumo na data ni vyako, mahali pa kuliweka umekodi. Tofauti ni kwamba nyumba hii inahamishika. Unapakua faili na hifadhidata, unavipandisha kwa kampuni nyingine, na mteja hata hajui kuwa umehama. Shopify, huduma ya maduka ya mtandaoni ambayo si huria, ni chumba cha kupanga: umeme na maji vimo, unalipa kila mwezi, ukikoma kulipa mlango unafungwa. Orodha ya bidhaa na wateja unaweza kuitoa, ila duka lenyewe hulibebi. Sisemi kupanga ni vibaya. Asiye na fundi wala muda, apange tu.

Kwa anayetaka kumiliki, jina litakalotajwa kwanza ni WooCommerce. Si mfumo unaosimama peke yake, bali ni programu-jalizi inayoigeuza WordPress kuwa duka. Ilitolewa mwaka 2011 na WooThemes, kampuni ya Cape Town, na historia yake inaonyesha uhuru huu unavyofanya kazi: walichukua msimbo wa programu nyingine iliyoitwa Jigoshop, wakauendeleza kivyao. Leseni iliruhusu, hakuna aliyeshtakiwa. Mwaka 2015 Automattic, kampuni ya Mullenweg, ikainunua WooThemes.

PrestaShop, iliyoanzia Paris mwaka 2007, na OpenCart zilizaliwa zikiwa maduka tangu mwanzo, kwa hiyo stoki na bei zimepangwa vizuri bila kuongeza mengi. Udhaifu wake ni kwamba ukitaka kuandika makala ndefu au kurasa za maelezo, zinabana. Joomla na Drupal ni mifumo ya maudhui ya jumla, na duka huja kwa kuongezewa. Ni imara, ila kwa duka la nguo sioni sababu ya kuanzia huko.

Magento ni habari nyingine. Ilitoka mwaka 2008, ikanunuliwa na eBay mwaka 2011, kisha na Adobe mwaka 2018, na toleo lake huria bado lipo. Ina nguvu za kuendesha bidhaa maelfu kwa maelfu, lakini tangu toleo la 2.4 la mwaka 2020 haisimami bila injini ya utafutaji kama Elasticsearch pembeni yake, na seva ya bei rahisi unayochangia na tovuti nyingine haiibebi. Isitoshe, Juni 2020 toleo la kwanza la Magento liliachwa kuhudumiwa, na kuhamia la pili hakukuwa kubonyeza kitufe: mandhari na viongezo vya zamani havikufanya kazi, ikawa ni kujenga upya. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, angalia pia mfumo umewatendeaje watu wake toleo lilipobadilika.

Sasa, hapa kwetu swali linalokata mambo ni M-Pesa. Wanaolipa kwa kadi ni wachache. Mteja anataka kuweka nambari ya simu, aone ujumbe umechomoza kwenye skrini, atie PIN, amalize. Kazi hiyo hupitia Daraja, lango ambalo Safaricom iliwafungulia waunda programu. Duka lako linatuma ombi, simu ya mteja inaulizwa PIN, kisha M-Pesa inarudisha jibu kwenye anwani maalumu ya tovuti yako, ambayo lazima iwe ya wazi mtandaoni na yenye HTTPS, yaani njia iliyofungwa dhidi ya wadukuzi. Shida huzaliwa kwenye jibu hilo. Seva ikiwa imelala kwa dakika moja, pesa za mteja zimeshatoka na oda bado inasoma "inasubiri malipo". Programu-jalizi nzuri hurudi kuiuliza Daraja muamala ule umefikia wapi. Mbovu hungoja tu, na wewe unabaki kulinganisha SMS na oda kwa mkono, kazi ile ile uliyotaka kuikimbia.

Kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi, mwambie akuonyeshe oda ya shilingi kumi ikilipwa mbele yako. Nunua kwa nambari ya 07, kisha kwa inayoanza na 01, maana programu nyingine ziliandikwa kabla ya nambari hizo kuja na huzikataa. Ghairi PIN makusudi uone duka linasemaje. Uliza pia kama inakubali Till, au ni Paybill pekee. Hizo aina mbili za nambari za kupokelea pesa huitwa tofauti ndani ya Daraja, na wapo waliolipia programu-jalizi ya Paybill ilhali biashara yao ina Till.

La pili ni namna bidhaa yako ilivyo. Chukua kanzu: urefu 54, 56, 58, 60, na rangi nne. Hiyo ni bidhaa moja yenye aina kumi na sita, na kila aina ina stoki yake. Mfumo usioweza hilo utakulazimisha kuweka bidhaa kumi na sita zenye picha zinazofanana, na mteja atachoka kabla hajafika kwenye yake. WooCommerce na PrestaShop zinaliweza. Leso ina mtihani wake: mteja mara nyingi hukumbuka jina lililoandikwa pale chini, si rangi wala mchoro. Basi jina hilo liandikwe kwenye kichwa cha bidhaa kama lilivyo, herufi kwa herufi, la sivyo kisanduku cha kutafutia hakitampa kitu. Wanaoandika "leso nzuri 014" wanajinyima wateja wenyewe.

Halafu kupeleka mzigo. WooCommerce imeshawekewa kaunti za Kenya, na unaweza kupanga bei kwa kaunti. Ni sawa kwa mzigo wa basi kwenda Garissa au Nairobi. Lakini ndani ya Mombasa kaunti haisaidii: Tudor na Likoni ni kaunti moja, na kati yao kuna feri. Dawa yake rahisi ni kuweka chaguo kadhaa ndani ya Mombasa (kisiwani, Nyali hadi Bamburi, Likoni, kujichukulia dukani) na mteja achague mwenyewe. Sehemu ya msimbo wa posta iondoeni kabisa. Hakuna mtu anayeijua, na wengine huliacha kapu hapo hapo.

Nikiulizwa, kwa duka la kawaida la hapa mjini nitasema WooCommerce, na sababu yangu kubwa haihusu ubora wake. Ni kwamba fundi wako akipata kazi Doha, hutakosa mwingine anayeijua. Mfumo bora usio na fundi mjini ni hasara. Lakini WordPress ina gonjwa lake: kila tatizo hutibiwa kwa programu-jalizi moja zaidi, mpaka tovuti inakuwa nzito kwenye simu ya mteja mwenye bando kidogo. Na kwa kuwa inatumiwa na tovuti nyingi mno duniani, wavamizi nao wanaijua vizuri. Masasisho yasipuuzwe, nakala rudufu ikae mahali pengine nje ya seva ile ile, na ukipewa programu-jalizi ya kulipia "iliyovunjwa" kupitia kundi la Telegram, ikatae. Leseni ya GPL huenda hata inaruhusu kuinakili, ila hujui aliyeivunja amepachika nini ndani, na duka lako lina majina, simu na anwani za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhesabu wewe kuwa mwenye dhamana ya data hizo, hata kama kazi ameifanya fundi.

Kitu kimoja cha kukabidhiwa siku ya kwanza, hata kabla ya mandhari kupakwa rangi: jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako au la biashara yako, na barua pepe iliyosajiliwa iwe yako. Mafundi wengi husajili kwa majina yao, wengine kwa uzembe, wengine kwa hesabu. Mfumo wote unaweza kuuhamisha ukigombana nao. Jina lililo mikononi mwa mtu mwingine utalinunua tena kwa bei atakayotaka, akitaka.