Akademia ya Florence haikuanza kama shule

Kila inapotajwa sanamu ya David, iliyochongwa na Mwitalia Michelangelo, hakosi mtu wa kueleza kwamba imehifadhiwa katika akademia ya Florence, Italia, yaani chuo alichosoma mchongaji huyo. Dai hilo limerudiwa mara nyingi mno kwa moyo mweupe, hata nimeona ni haki kulifafanua neno lenyewe, “akademia”. Michelangelo alizaliwa tarehe 6 Machi 1475, na akademia ya kwanza ya sanaa mjini Florence ilianzishwa tarehe 13 Januari 1563, wakati yeye ni mzee wa miaka 87 anayeishi Roma. Hakuingia humo kama mwanafunzi. Alitajwa kuwa mkuu wake, pamoja na mtawala wa mji, Cosimo I de' Medici.

Akademia, kwa maana yake ya msingi, ni jumuiya ya watu waliobobea katika elimu au sanaa fulani, wanaopokeana kwa kanuni zao wenyewe na kuilinda hadhi ya kazi yao. Inaweza kufundisha, lakini kufundisha siko kunakoifanya iwe akademia.

Najua kinachotupotosha. Huku Afrika Mashariki neno hili lilitufikia kupitia Kiingereza, likaandikwa kwenye malango ya shule za msingi za binafsi na kwenye vituo vya kukuza vipaji vya soka, hivyo mtu akisikia “akademia” huona watoto waliovaa sare. Matumizi hayo si kosa, kwa kuwa neno likihama huvaa mavazi ya kule liendako. Kosa ni kuyarudisha mavazi hayo nyuma hadi Italia ya karne ya 16. Asili ya neno ni jina la mahali: kichaka cha mizeituni nje ya kuta za Athene, kilichohusishwa na shujaa aliyeitwa Akademos, ambako Plato alianza kukutana na wenzake katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Waitalia wa karne ya 15 walipolifufua jina hilo, walichokitamani ni mazungumzo ya watu wazima wenye maarifa, wala hawakuwa wakifikiria madarasa na madawati.

Kwa wachoraji, jina hilo lilikuwa na uzito wa pekee. Katika Florence ya zamani mchoraji alihesabiwa kuwa fundi, na kila fundi alipaswa kuwa chini ya chama cha kazi yake. Wachoraji waliwekwa katika chama kimoja na matabibu na wauza dawa, kwa kuwa duka lililouza mizizi na marhamu ndilo lililouza pia rangi, ikiwemo ile buluu ya thamani iliyosagwa kutokana na jiwe la lapis lazuli. Wachongaji walikuwa na chama kingine, pamoja na waashi na maseremala. Giorgio Vasari, aliyekuwa mchoraji na msanifu majengo, alimshawishi Cosimo awape wote hao nyumba moja yenye heshima, na mwaka 1571 wanaakademia wakaondolewa wajibu wa kuwa katika vyama hivyo vya zamani. Jambo hilo naliona kubwa kuliko somo lolote lililopata kutolewa humo, kwani siku hiyo aliyeshika brashi alitenganishwa kisheria na muuza marhamu.

Jina kamili lilikuwa Accademia delle Arti del Disegno, na hapo pana kosa la pili, la kuliita “akademia ya kuchora”. Disegno ni mchoro, ndiyo, lakini ni pia ile kazi ya akili inayotangulia mkono: kubuni umbo kabla halijaonekana. Vasari aliiita disegno baba wa sanaa tatu, yaani uchoraji, uchongaji na usanifu wa majengo. Neno letu “usanifu” linaikaribia zaidi maana hiyo kuliko “kuchora”.

Si kwamba vijana walisahauliwa. Kanuni za mwanzo ziliwafikiria. Lakini Michelangelo alipofariki Februari 1564, jambo kubwa la kwanza ambalo akademia ililifanya hadharani lilikuwa kumwandalia maombolezo ya fahari katika kanisa la San Lorenzo, mwezi Julai mwaka huohuo. Ni jumuiya iliyokuwa ikimuaga mkuu wake.

Chuo hasa kilikuja mwaka 1784, Pietro Leopoldo, mtawala wa wakati huo, alipokusanya mafunzo ya sanaa ya mji katika Accademia di Belle Arti na kuipa majengo ya iliyokuwa hospitali ya San Matteo. Kando yake kuliwekwa kazi za kale ili wanafunzi wajifunze kwa kuzitazama, na mkusanyo huo ndio mwanzo wa jumba la makumbusho la leo. David alihamishiwa huko kutoka uwanja wa Piazza della Signoria mwaka 1873, akakaa ndani ya kasha la mbao hadi ukumbi wake ulipokamilika mwaka 1882.

Kwa hiyo, anayetaka kusema David yuko wapi, na aseme yuko Galleria dell'Accademia, jumba lililo jirani na chuo. Anayetaka kusema Michelangelo alijifunzia wapi uchoraji, na aitaje karakana ya Domenico Ghirlandaio, alikoingia mwaka 1488 akiwa mwanagenzi wa miaka 13.