Majimaji Yanapoubana Moyo: Kinachoonekana kwa Altrasaundi Kando ya Kitanda

Moyo umo ndani ya mfuko mgumu ambao, kwa mtu mzima mwenye afya, una majimaji ya mililita 15 hadi 50 tu ya kupunguza msuguano. Majimaji, usaha au damu vikizidi humo, moyo hubanwa kutoka nje ukashindwa kujaa, na moyo usiojaa hauna cha kusukuma. Hatari haitokani na wingi pekee, bali pia kasi: aliyechomwa kisu kifuani anaweza kuzidiwa kwa mililita 150 au 200, ilhali mgonjwa ambaye mfuko wake umejaa polepole kwa wiki kadhaa anaweza kuwa na zaidi ya lita moja na bado akaingia hospitali kwa miguu yake.

Huyu wa pili ndiye anayetutia wasiwasi zaidi, kwa sababu katika ukanda wetu chanzo kikubwa ni kifua kikuu, hasa kwa wanaoishi na VVU. Anahema, miguu imevimba, mishipa ya shingo imetuna. Kwa macho anafanana kabisa na mtu ambaye moyo wake umechoka, na akipewa dawa ya kukojoza, damu inayorudi moyoni hupungua na presha ikaporomoka. Dalili tatu alizozieleza daktari mpasuaji Mmarekani Claude Beck mwaka 1935, yaani presha kushuka, mishipa ya shingo kujaa na mapigo kusikika kwa mbali, kwa wagonjwa wengi hazitimii zote. Kuzisubiri ni kuchelewa.

Ndiyo maana tunasisitiza altrasaundi mapema. Daktari hupaka jeli chini ya ncha ya mfupa wa kifua, hulaza kichwa cha mashine tumboni na kukielekeza bega la kushoto. Majimaji huonekana kama ukanda mweusi unaouzunguka moyo. Ukanda huo peke yake hautoshi: ukuta wa chumba cha chini cha kulia ukibonyea ndani wakati moyo umelegea kupokea damu, na mshipa mkubwa unaotoka tumboni ukabaki umejaa hata mgonjwa anapovuta pumzi, basi moyo umebanwa. Mafuta ya mbele ya moyo huweza kumdanganya mpimaji, hivyo lazima atazame na nyuma.

Picha hiyohiyo huongoza sindano ya kunyonya, na mara nyingi kiasi kidogo cha mwanzo huanza kuinua presha. Majimaji hayo hayamwagwi, hupelekwa maabara, maana kifua kikuu kisipotibiwa mfuko unaweza kujaa tena.