Cherehani haina kisirani

Nimechoka kusikia "leo siku ina mkosi". Mafundi wazima, si wanagenzi tu, wanainuka kwenye cherehani saa nne asubuhi, uzi umekatika, mshono unaruka, gauni la watu linachukuliwa jioni, wanasema cherehani ina kisirani. Haina. Kilichoharibika asubuhi ni kitu kimoja. Vingine umeviharibu wewe ukikitafuta hicho.

Mara nyingi ni sindano. Imepinda, au haikusukumwa hadi juu kabla ya kukazwa. Sindano ikishafika chini na kuanza kupanda, uzi hufanya kitanzi pembeni yake, na ndoano inayozunguka hukidaka sindano ikiwa imepanda milimita 2 hivi. Ikipinda unene wa unywele tu, ndoano inakikosa kitanzi, mshono umeruka. Ilaze upande wake bapa juu ya kioo, uiangalie kwa usawa wa jicho: mwanya chini yake uwe sawa mpaka nchani.

Lakini fundi hafanyi hivyo, anakimbilia tensheni, yaani mkazo wa uzi. Hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Anakaza ya juu, uzi unakatika. Analegeza, mshono unakuwa wa ovyo. Anachukua bisibisi, anaichokonoa ile skrubu ndogo ya kijumba cha bobini, kigurudumu cha uzi wa chini, ambayo haikuwa na kosa lolote. Sasa makosa ni matatu, na hata ukibadilisha sindano mshono hautakaa, ndiyo maana unaamini mkosi. Rudisha ulichogusa kabla hujagusa kingine! Gusa kimoja, jaribu kwenye kipande, halafu ndiyo uende kwenye kingine.

Na uzi ukijazana chini ya kitambaa, kosa liko juu. Juu, jamani. Ulitunga uzi mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, ukiwa umeshuka, visahani vya tensheni vimebana, uzi haukuingia katikati yake. Nyanyua mguu, tunga upya. Watu wanahangaika na bobini saa nzima bure.

Mengine mnayajua: sindano namba 11 kwa vitambaa vyepesi, 14 kwa kitenge, 16 kwa jinzi. Kitambaa cha kuvutika kinataka sindano ya ncha ya mviringo. Kitenge kipya kilichojaa wanga kifuliwe kwanza. Uzi uliopigwa na jua dirishani uvute kwa mikono. Ukikatika kirahisi, tupa.

Mafundisho mengi husema sindano ibadilishwe kila baada ya saa 8 za kushona. Sikiamini sana kipimo hicho. Satini huifichua sindano butu mapema, kitenge huivumilia. Mimi husikiliza: ikianza kugonga inapotoboa, naitoa.

Tena zipo siku ninakagua yote haya na mshono bado unaruka, kesho yake unatoka safi bila kubadilisha kitu. Nashuku unyevu wa masika kwenye uzi wa pamba, ila siwezi kuapa. Siku kama hizo nahamia kwenye kukata vitambaa na kupinda pindo kwa mkono, na skrubu ya bobini siigusi.