Kabla hujabadilisha egzosi ya pikipiki yako ya safari ndefu

Kazi yangu ni egzosi, nafunga, nafungua, nachomelea, na pikipiki nyingi zinazopita mikononi mwangu ni zile kubwa za safari zenye maboksi pembeni. Swali la kwanza la mteja ni lilelile kila siku: "fundi, ipi ina mlio mzuri?" Sio swali baya, hata mimi napenda mlio, ila anauliza huku ananionyesha video ya mtu anapiga resi pikipiki ikiwa imesimama. Kaka, wewe husafiri ukiwa umesimama. Unakaa gia ya juu, mwendo mmoja, masaa sita, na huko ndo egzosi inakuonyesha tabia yake.

Ngoja nieleze hii ya mvumo maana ndo inawarudisha watu kwangu. Injini ya mipigo minne, kila silinda inawaka mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo injini ya silinda mbili ikizunguka 4,000 kwa dakika inapiga kama mara 67 kwa sekunde, hiyo ni besi kabisa, na besi helmeti haiizuii, vizibo vya masikio navyo vinaipunguza chini ya vinavyopunguza sauti nyembamba, inakuingia mpaka kifuani. Ya silinda nne kwa mzunguko huohuo inapiga kama mara 133, afadhali kidogo. Sasa kila sailensa, yaani lile boksi la mwisho la kupunguza kelele, ina sauti yake inayoipenda na kuikuza, kama unavyopuliza mdomo wa chupa ikalia. Sauti hiyo ikiangukia palepale kwenye mwendo wako wa kawaida, umekwisha.

Mimi yalinikuta, na mimi ndo fundi! Nilifunga kibomba kifupi kwenye pikipiki yangu ya silinda mbili, pale gereji kila mtu anapiga miluzi, tukaondoka mimi na mke wangu. Kwenye 3,500 safi, 4,500 safi, kwenye 4,000 ni kama mtu kaweka kichwa chako ndani ya pipa anaipiga ngumi, na 4,000 ndo mwendo wangu wa siku zote. Mpaka mchana nabadilisha gia sio kwa sababu ya barabara, naikimbia sauti. Tuliposimama kunywa maji mama watoto akasema "hii kitu unaitoa, au mimi narudi na basi." Ikatoka.

Kwa hiyo kabla ya kununua ujue kwanza pikipiki yako inazunguka ngapi ukiwa kwenye mwendo wako wa safari, afu tafuta mtu mwenye pikipiki kama yako na bomba hilohilo, mwombe uendeshe hata nusu saa ukiwa kwenye mzunguko huo. Na usisahau upepo: ndani ya helmeti ukikaribia kilomita 100 kwa saa upepo peke yake unavuka desibeli 90. Kipimo kinachotumika sana kulinda masikio ya wafanyakazi kinasema desibeli 85 ni masaa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu, maana yake 94 ni saa moja tu. Sasa wewe unataka kuongeza nini tena hapo?

Nguvu. Hapa nitawaudhi wengine. Ukibadilisha sailensa ya mwisho tu, ile tunayoita slipuoni, faida ya nguvu ni ndogo sana, mara nyingi unachosikia ni kelele na akili inakuambia umeongeza spidi. Unachopata kweli ni uzito kupungua. Fulu sistimu, yaani kuanzia kwenye hedi ya injini mpaka nyuma, hiyo inaweza kubadilisha injini, lakini inaweza kuibadilisha vibaya pia. Kuna watu wanasema injini "inahitaji kubanwa kidogo" ili iwe na nguvu chini, hapana, haihitaji kubanwa, inachohitaji ni mawimbi ya moshi yarudi kwenye valvu kwa wakati sahihi yasaidie kuvuta hewa mpya, na wakati huo unapangwa na urefu na upana wa bomba. Bomba pana lililotengenezwa kwa mashindano linakupa nguvu kule juu ambako wewe na abiria na mizigo hamfiki, linakunyang'anya pale katikati unapohitaji kupita lori mlimani.

Halafu mara nyingi fulu sistimu inaondoa katalaiza, kile kifaa cha kusafisha moshi, na nchi nyingi hilo ni kosa barabarani. Kama unavuka mipaka angalia bomba lina alama ya herufi E ndani ya duara na namba pembeni, hiyo inaonyesha limeidhinishwa, Ulaya wanaiangalia. Kile kizibo cha ndani cha kupunguza sauti kama kinatoka kwa skrubu moja usije ukakitupa. Ukiondoa katalaiza ujue pia petroli lazima ipangwe upya kwenye kompyuta ya injini, sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi, inarekebisha ukiwa kwenye mwendo tulivu tu, ukivuta mpaka mwisho kompyuta inafuata hesabu za zamani.

Vitu ambavyo havipo kwenye video yoyote: boksi la pembeni. Pima nafasi kati ya bomba na boksi ukiwa umelipakia, begi la kitambaa linayeyuka bila kukupigia hodi. Stendi ya kati, pikipiki nyingi inapumzika kwenye egzosi yenyewe ikikunjwa, ukiweka bomba jingine stendi inaning'inia ikagonge mnyororo au tairi. Mguu wa abiria, angalia usiguse bomba. Je, ekseli ya nyuma inatoka bila kufungua egzosi? Siku tairi limepasuka utanikumbuka. Na mdomo wa bomba ukiishia mbele ya boksi moshi unanaswa nyuma ya pikipiki, pale hewa inapovutwa, abiria ndo anauvuta siku nzima.

Madini: kwa safari mimi nachukua stenlesi, mwisho. Titani ni nyepesi, uzito wake ni zaidi kidogo ya nusu ya chuma, ila ikipasuka kupata mtu wa kuichomelea vizuri ni kazi, stenlesi fundi wengi wanaiweza. Kaboni inapendeza mpaka pikipiki ilale upande huo mara moja. Pia uliza kama sailensa inafunguka kwa riveti au bolti, maana ile sufi ya ndani inayomeza kelele inaungua taratibu na mlio unazidi kupanda, ukiona bomba limeanza kubadilika rangi mwilini ujue imeisha, badilisha kabla ya safari.

Kufunga ni rahisi ila watu wanakosea palepale: gasketi mpya kwenye hedi, kila mara, ile ya zamani imeshabonyea. Shika kila kitu kwa mkono kwanza, afu kaza kuanzia kwenye injini kurudi nyuma, ukianza kukaza nyuma unalivuta bomba kwa nguvu na litapasuka kwenye breketi. Futa alama za vidole kwa spiriti kabla ya kuwasha, zikiungua hazitoki tena. Tembea kidogo, iache ipoe, kaza tena. Ukisikia inapasuka pap pap ukiachia moto, angalia kwanza kama hewa inavuja kwenye maungio kabla hujailaumu kompyuta.

Na lile bomba la kiwandani usiuze. Lifunge kitambaa chenye oili uliweke juu ya kabati, mimi la kwangu ndo nimelirudisha.