Kubadili hewa ukaa kwa umeme: kazi ya chuma na jirani zake

Hewa ukaa, yaani CO₂, ni molekuli yenye ukaidi. Imenyooka, kaboni katikati na oksijeni kila upande. Kuibebesha elektroni moja peke yake ni kuilazimisha ipinde, na hilo hudai takriban volti −1.9 (kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri, ndivyo umeme unavyohitajika zaidi). Lakini ikipokea elektroni mbili na protoni mbili kwa mpigo, hugeuka kuwa kaboni monoksidi na maji kwa volti −0.53 tu, kwenye maji yasiyo na asidi wala besi. Umeme unaookolewa hapo ndio sababu ya kutafuta kichocheo, yaani kitu kinachorahisisha mmenyuko bila chenyewe kutumika.

Kichocheo kimojawapo ni kompleksi ya metali mpito: atomi ya metali iliyoshikiliwa na molekuli zinazoitwa ligandi. Metali hupokea elektroni kutoka kwenye elektrodi, yaani kipande kinacholeta umeme, hushika kaboni ya CO₂, protoni huondoa oksijeni moja ikawa maji, kaboni monoksidi hujitenga, na metali huanza upya.

Mwaka 1984, kundi la mkemia Jean-Marie Lehn huko Strasbourg, Ufaransa, lilifanya hivyo kwa metali iitwayo reni. Tatizo, reni ni adimu na ghali. Mwaka 2011 watafiti wa Grenoble, pia Ufaransa, walionyesha kuwa manganizi, metali ya bei nafuu, inaweza kushika nafasi yake.

Kazi ninayoipenda zaidi ilitoka Paris mwaka 2012. Watafiti walichukua chuma ndani ya porfirini, ligandi ya jamii ileile inayobeba chuma katika damu yetu, wakapachika vikundi vya fenoli kandokando yake ili protoni ziwe jirani. Metali haikuguswa, kasi ikapanda mno.

Kaboni monoksidi ni ileile inayoua waliolala na jiko la mkaa chumbani. Viwandani, hata hivyo, huchanganywa na hidrojeni kutengeneza methanoli na mafuta.

Udhaifu mkubwa wa vichocheo hivi ni kutodumu, kwa kuwa ligandi nazo huharibiwa na umeme. Mwaka 2019, kobalti ndani ya ligandi iitwayo ftalosayanini, ikiwa juu ya vijirija vya kaboni, ilizalisha methanoli moja kwa moja, lakini ikachoka upesi. Baada ya ligandi kuongezewa vikundi vya amino, ilidumu angalau saa 12. Kiwanda kinahitaji maelfu ya saa.